Mpangilio wa Miguu kwa Mrusho Wenye Shabaha katika Softiboli

Mrusho unapokwenda kombo, anayelaumiwa kwanza ni mkono. Mchezaji huambiwa ainue kiwiko, alegeze kifundo au atie nguvu zaidi, ilhali mara nyingi kosa limeanzia chini, kwenye mguu uliotua vibaya kabla mkono haujasogea. Katika softiboli besi, yaani vituo ambavyo mkimbiaji hupitia, zimeachana kwa mita 18.29 tu, tofauti na mita 27.43 za besiboli ya watu wazima, na mkimbiaji mwepesi huumaliza umbali huo kwa takriban sekunde 3. Mlinzi wa uwanja wa ndani, yaani eneo la karibu na besi, hana muda wa kupiga hatua nyingi za kujiweka sawa; kwa kawaida hatua zake ni mbili. Maelezo haya yanamhusu anayerusha kwa mkono wa kulia, na anayetumia wa kushoto atageuza pande.

Tuanze na mpira unaobiringika. Tanua miguu kupita upana wa mabega, kunja magoti, shusha nyonga, na utangulize mguu wa kushoto kidogo mbele ya wa kulia. Mpira uudake mbele ya mwili, mahali ambapo macho yanauona ukiingia ndani ya glavu, kwa sababu mpira unaodakwa chini ya tumbo humlazimu mchezaji kunyanyuka kwanza ndipo aanze kutembeza miguu, na huo ni muda anaopewa mkimbiaji bure.

Hatua ya kwanza ni ya mguu wa kulia, nayo ndiyo inayoamua mambo mengi kuliko watu wanavyodhani. Glavu inapopanda kifuani, ambako mkono wa kulia huupokea mpira, mguu wa kulia hupita mbele ya wa kushoto na kutua kwa kukingama, yaani upande wa ndani wa unyayo ukiwa unaitazama besi inayolengwa. Unyayo ukitua hivyo, nyonga na bega la kushoto hugeukia shabaha vyenyewe, bila mchezaji kuvifikiria. Ukitua huku vidole vikiielekea besi, kifua hubaki wazi, kiwiliwili hakina pa kuzungukia, na mkono peke yake hubebeshwa kazi ya mwili mzima. Ndiyo maana nashauri kila kocha anayewafundisha wanaoanza autazame mguu huu kabla ya kusema neno lolote kuhusu mkono.

Hatua ya pili ni ya mguu wa kushoto, na sharti lake ni kutua juu ya mstari ulionyooka kutoka mguu wa kulia hadi kwa anayeupokea mpira, goti likiwa limekunjwa kidogo. Ukitua kulia kwa mstari huo, mwili wenyewe huuzuia mkono. Ukitua kushoto mno, nyonga hufunguka mapema na nguvu hupotea kabla mpira haujatoka. Baada ya mpira kuachiwa, mguu wa kulia usibaki nyuma, bali ufuate kuelekea shabaha.

Mpira wa mbali upande wa kulia, unaodakwa kwa glavu iliyogeuzwa, una kanuni yake: hapo hakuna nafasi ya kupitisha mguu, hivyo mguu wa kulia hukita chini kama breki, na mchezaji hujisukuma kutoka hapo. Walinzi wa uwanja wa nje, yaani eneo lililo mbali nyuma ya besi, kwa upande wao, huudaka mpira wakiwa tayari wanakwenda mbele, kisha huongeza mruko mfupi wa kutua na mguu wa kulia uliokingama. Mruko huo uende mbele, wala si juu.

Kazi ngumu zaidi ni ya mdakaji anayechuchumaa nyuma ya mpigaji. Kutoka kwake hadi besi ya pili ni takriban mita 25.86, na mkimbiaji ameruhusiwa kuondoka mara tu mpira unapotoka mkononi mwa mtupaji, yaani anayemtupia mpigaji mpira. Kwa hiyo, kukiwa na mkimbiaji, mdakaji anyanyue nyonga kidogo, atanue miguu, na vidole vya mguu wa kulia viwe sawa na kisigino cha kushoto au karibu yake. Mpira unapofika, mguu wa kulia hupiga hatua fupi hadi chini ya kitovu cha mwili na kutua kwa kukingama, kisha wa kushoto huelekea besi ya pili. Asisimame wima kwanza. Akirusha besi ya tatu huku mpigaji wa mkono wa kulia amesimama mbele yake, mguu wa kulia upite nyuma ya wa kushoto ili apate njia nyuma ya mpigaji. Akiokota mpira uliopigwa taratibu kando ya mstari wa besi ya kwanza, aingie hatua moja ndani ya uwanja, mkimbiaji asije akawa kati yake na besi.

Katika mazoezi, chora mstari wa chokaa kuelekea shabaha, na miguu izoee kwanza bila mpira, kisha kwa mpira uliowekwa chini ukiwa umetulia, na hatimaye kwa mpira unaobiringishwa. Kwenye uwanja wa udongo kagua nyayo baada ya kila mrusho: unyayo wa kulia uwe umeukata mstari, wa kushoto uwe juu yake. Umbali wa kurusha usiongezwe mpaka nyayo hizo zitue hivyo mfululizo, hata kama mpira tayari unafika.