Jinsi ya kupima histamini mpya kwenye ini linalojijenga upya

Ukimkata panya wa maabara theluthi mbili za ini, uzito wa ini hurudi ndani ya siku 7 hadi 10 hivi. Kujua histamini (kemikali ambayo mwili huitengeneza kutokana na asidi-amino ya histidini) ina mchango gani hapo ni suala la kipimo kabla ya kuwa suala la nadharia. Watafiti Kahlson na Rosengren wa Lund, Uswidi, walilionyesha hili zamani: tishu inayokua kwa kasi huweza kutengeneza histamini kwa wingi na bado isiwe na akiba kubwa, kwa kuwa histamini hiyo haihifadhiwi. Kwa hiyo pima kasi ya kimeng'enya kinachoitengeneza, histidini dekaboksilesi. Kiasi kilichomo kwenye tishu kisomwe kama nyongeza tu.

Baada ya kupata kibali cha maadili, andaa makundi mawili kwa kila saa ya kuchukua sampuli: waliokatwa ini, na waliofunguliwa tumbo kisha wakashonwa bila kukatwa. Bila kundi la pili hutajua kama unachoona kinatokana na kukua au na jeraha lenyewe. Usikose saa ya 24 baada ya upasuaji, maana hapo ndipo seli nyingi za ini la panya huwa zinanakili DNA. Fanya upasuaji wote saa ileile ya siku. Safisha damu kwa maji ya chumvi baridi, kisha gandisha kipande kwenye naitrojeni ya maji papo hapo.

Saga tishu kwenye barafu, ndani ya mara 5 ya uzito wake wa bafa ya fosfeti 0.1 M, pH 6.8, yenye pairidoksali fosfeti 10 µM (kisaidizi ambacho kimeng'enya hiki hukihitaji) na vizuizi vya protisi, yaani vimeng'enya vinavyovunja protini. Zungusha kwa 10,000 g, nyuzi 4, dakika 20. Maji ya juu yafanyie dayalisisi (kuchuja molekuli ndogo kupitia utando) usiku kucha katika bafa ileile. Ukiruka hatua hii, histamini ya zamani itafunika ile mpya, na histidini ya tishu itavuruga kiwango unachodhani umeweka. Ongeza aminoguanidini 0.1 mM ili daiamini oksidesi, kimeng'enya kinachovunja histamini, isile unachokisubiri, kisha histidini 0.25 mM, nyuzi 37, saa 1 hadi 3. Simamisha kwa asidi ya pakloriki ya 0.4 N.

Usizidishe histidini kupita hapo wala kupandisha pH ili upate namba kubwa. Kwenye pH ya 8 na histidini nyingi, kimeng'enya kingine, dopa dekaboksilesi, nacho huanza kuibadilisha histidini, na ini linacho cha kutosha. Kila sampuli iwe na pacha iliyotanguliziwa alfa-fluoromethilihistidini, ambayo huua kimeng'enya chetu na kukiacha kile kingine. Tofauti ya hizo mbili ndiyo jibu.

Kusoma histamini kwa othofthaladehaidi (OPT), kemikali inayoifanya ing'ae, ni rahisi: ivute kwenye butanoli ukiwa na alkali na chumvi, irudishe kwenye asidi ya hidrokloriki ya 0.1 N kwa msaada wa heptani, weka alkali na OPT, subiri dakika 4, tia asidi, soma mng'aro kwa 360 na 450 nm. Tatizo ni spemidini, amini nyingine iliyomo kwenye seli. Nayo hung'aa na OPT, na katika ini linalojijenga upya hupanda sana, hivyo waweza kushangilia histamini ambayo haipo. Kipimo tupu cha kutanguliza asidi hakiiondoi. Tenganisha kwanza kwa safu ya kubadilishana ayoni. Kwenye mstari wa viwango kumbuka pia kwamba miligramu 1.66 za histamini dihidrokloridi ndizo zenye miligramu 1 ya histamini yenyewe.

Seli za masti, seli za kinga zinazohifadhi histamini, zina kimeng'enya hichohicho, na zimekaa kwenye ganda la ini na kando ya mishipa. Zihesabu kwa toluidini ya bluu kwenye kipande cha ndewe (sehemu) ileile ya ini. Ukiwa na panya wadogo wa W/Wv (aina yenye kasoro ya jeni) wasio na seli hizo, rudia jaribio kwao: kimeng'enya kikipanda hata kwao, seli za masti si chanzo.

Toa matokeo kwa pikomoli kwa dakika kwa miligramu ya protini, na pia kwa ini zima. Siku za mwanzo ini hujaa mafuta na maji, hivyo hesabu ya kwa gramu ya tishu hushuka hata pale kimeng'enya hakijapungua.