VA wamekukatalia dai la ulemavu? Anza na barua yenyewe

Kila wiki naletewa barua za VA, idara ya Marekani inayowahudumia wanajeshi wastaafu, na Waswahili wenzangu waliotumikia jeshi la Marekani. Nyingi bado zimekunjwa: mtu kaona neno la kukataliwa, kaishia hapo.

1. Tazama tarehe. Una mwaka mmoja kuanzia tarehe ya barua. Ukikata rufaa ndani ya mwaka huo na ukashinda, malipo kwa kawaida huhesabiwa tangu dai la kwanza. Ukichelewa, ushahidi mpya bado unaweza kuupeleka, ila malimbikizo hayo huenda ukayakosa.

2. Tafuta figa lililokosekana. Dai hukaa juu ya mafiga matatu: ugonjwa ulio nao sasa, tukio la jeshini, na maelezo ya daktari yanayoviunganisha. Barua hutaja kilichopungua. Mara nyingi ni hilo la tatu.

3. Ziba pengo. Mwombe daktari aandike kwamba amesoma rekodi zako, kwamba uwezekano wa ugonjwa kutokana na utumishi ni angalau nusu kwa nusu, na *kwa nini* anaona hivyo. "Huenda" tupu haisaidii kitu.

Je, faili la jeshini halina kitu? Wengi wetu tulijikaza kisabuni, goti likavimba na kliniki hatukwenda. Basi mtafute uliyelala naye bweni moja, au mkeo aliyekuona ukirudi unachechemea, aandike alichokiona kwa macho yake kwenye Fomu 21-10210.

4. Chagua njia. Tangu Februari 2019 ziko tatu. Ukiwa na ushahidi mpya unaohusika, tumia Fomu 20-0995. Kama ushahidi ulikuwepo ila wakaukosea, tumia 20-0996: mkaguzi wa ngazi ya juu atapitia faili lilelile, na karatasi mpya hapokei. Omba kuzungumza naye kwa simu, umtajie kosa na ukurasa, si historia ya maisha yako. Ya tatu, Fomu 10182, hukufikisha kwa jaji wa Bodi ya Rufaa. Kusikilizwa naye ana kwa ana huchukua muda mrefu, kwa hiyo mimi huiacha hadi mwisho.

5. Pata msaidizi aliyeidhinishwa na VA. Vyama vya wanajeshi wastaafu hufanya kazi hii bure. Anayedai pesa kwanza ili akujazie fomu, mkimbie.

6. Ukiitwa kupimwa tena, nenda. Usipotokea bila sababu ya maana, wanaweza kuamua bila kipimo hicho. Na hapa malezi yetu hutuponza: daktari akiuliza "Habari za leo?" tunajibu "Nzuri tu," naye anaandika hivyo hivyo. Mwambie kuhusu siku unayoshindwa kufunga kamba za viatu, na inakujia mara ngapi kwa mwezi.