Kuchagua rili laini na ya kudumu kwa visamaki vyenye ulimi, Ziwa Tanganyika

Kisamaki bandia chenye ulimi wa plastiki mbele ni mzigo. Ukikivuta, ulimi unakata maji na kukizamisha, mwili unayumba huku na huku, na kila yumbo linapanda kwenye mshipi, linapita kwenye fimbo na kuishia kwenye meno ya gia ndani ya rili, kile kifaa cha kukunjia mshipi. Chambo cha dagaa kilichoning'inizwa kwenye ndoana hakiitesi rili namna hiyo. Anayevua kuhe au sangala kwenye miamba ya Bangwe au Katonga, Kigoma, anaweza kurusha na kuvuta zaidi ya mara mia kabla jua halijawa kali, na kila mvuto ni mzigo mtupu hata kama samaki hajagusa. Ndiyo maana rili inayofaa kwa kazi nyingine hufa mapema kwenye kazi hii.

Ulaini wa rili si mapambo. Mkono wako unakisoma kisamaki kwa mtetemo: duk-duk-duk ya kawaida maana yake kinaogelea, mtetemo ukifa ghafla, kimenasa jani au kuna samaki anakisindikiza na kukisukuma kutoka nyuma, ukigeuka kuwa mkwaruzo, ulimi umegusa jiwe, nawe unatakiwa kusita kidogo ili kisamaki kielee juu. Rili yenye gia za kukwaruza ina mtetemo wake yenyewe, nao unajichanganya na ule wa kisamaki. Hapo unavua bila kusikia.

Anza na gia

Namba ya kwanza kuisoma kwenye boksi ni uwiano wa gia, yaani bobini, kile kigurudumu kinachobeba mshipi, inazunguka mara ngapi ukizungusha mkono wa rili mara moja. Kwa visamaki vyenye ulimi tafuta kati ya 5.0:1 na 6.4:1. Vile vya kuzama sana, vyenye ulimi mpana unaokaribia urefu wa mwili, vinataka upande wa chini, 5.0 hadi 5.4. Vya ulimi mfupi, vinavyozama mita moja au mbili, vinaridhika na 6.3.

Rili za kasi za 7.5 na kuendelea zinauzwa sana kwa sababu mwendo unavutia dukani. Kwa kazi hii ni kama kupandisha lori lililojaa mlimani kwa gia kubwa: linakwenda, lakini injini inalia. Mkono wako utachoka, meno ya gia yatabeba shinikizo kubwa, na utajikuta unakivuta kisamaki haraka kupita kiasi hadi kinalala ubavu na kuchomoka juu. Kuvuta haraka zaidi hakukizamishi zaidi. Kila kisamaki kina kina chake, na watengenezaji wengi huandika kina hicho kwenye boksi.

Uwiano peke yake haukuambii mshipi kiasi gani unaingia. Pima kipenyo cha bobini ikiwa imejaa, zidisha kwa 3.14, kisha zidisha kwa uwiano. Bobini ya milimita 34 ina mzunguko wa karibu sentimita 10.7. Kwa gia ya 5.4 kila mzunguko wa mkono unaingiza sentimita 58 hivi, kwa 6.3 ni 67, kwa 7.5 ni 80. Bobini isipojaa, kipenyo kinapungua na namba hizo zinashuka. Kwa kisamaki cha kuzama, sentimita 50 hadi 65 kwa mzunguko zinatosha.

Urefu wa mkono wa rili nao ni nguvu. Kutoka kishikio hadi kishikio, milimita 90 hadi 100 ni bora kuliko 80 kwa visamaki vizito. Vishikio viwe vinene kidogo, maana vidole vyenye maji na magamba haviwezi kushika kitu chembamba.

Bodi na kilichomo ndani

Wauzaji wataanza kukuhesabia beringi. Kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na nane. Usinunue kwa hesabu hiyo. Beringi nne au tano nzuri, zilizofunikwa pembeni na zisizoshika kutu, zikakaa mahali pake kwenye mhimili wa bobini na wa gia, zinaishinda rili yenye beringi kumi na nane za chuma duni. Kila beringi ya hovyo ni mahali pengine pa kuingilia kutu.

Cha kuulizia ni bodi. Kisamaki kinapovuta, mvuto unataka kuipinda bodi. Bodi ya plastiki nyepesi inapinda nywele moja tu, lakini nywele hiyo inatosha kuyasogeza meno ya gia yasikutane sawasawa. Miezi michache baadaye unasikia mkwaruzo ambao grisi haiuondoi, kwa kuwa meno yamekwisha kulika upande mmoja. Bodi ya alumini ya kipande kimoja ndiyo salama zaidi. Plastiki ngumu iliyochanganywa na kaboni si mbaya kwa visamaki vya gramu 10 hadi 15, ila si kwa vile vya kuzama mita tano. Gia kubwa ikiwa ya brasi itadumu kuliko ya alumini, hata kama inaongeza gramu kadhaa.

Klachi, yaani ile sehemu inayouachia mshipi samaki anapokimbia, ni jambo la kuangalia kwa makini hapa ziwani. Visamaki hivi vina ndoana za matawi matatu, ndogo na nyembamba. Kuhe akishituka na klachi ikasita kabla ya kuachia, ndoana inachana mdomo au inanyooka. Washa za kaboni, yaani visahani vinavyobanana ndani ya klachi, zinaachia sawasawa kuliko za kitambaa, na hazibadiliki sana zikipata joto. Nguvu ya juu ya kilo 5 au 6 inatosha. Rili inayotangaza kilo 12 inauza namba utakayoifikia mara chache sana.

Rili ya bobini inayozunguka au ya bobini iliyosimama

Rili inayokaa juu ya fimbo, ambayo bobini yake huzunguka wakati wa kurusha, ndiyo yenye nguvu zaidi kwa visamaki vyenye ulimi. Mshipi unaingia moja kwa moja bila kupinda kona, kwa hiyo mvuto unapotea kidogo tu. Shida yake ni kufumuka: bobini ikizunguka haraka kuliko mshipi unavyotoka, unabaki na rundo la mafundo. Kati ya Mei na Agosti, upepo wa kusini mashariki unapovuma, kisamaki kinapigwa usoni kikiwa hewani na kupunguza mwendo ghafla, na hapo ndipo mshipi hufumuka.

Rili ya kuning'inia chini ya fimbo, ambayo bobini yake imesimama, haina tabu hiyo. Kwa visamaki vya chini ya gramu 10, na kwa anayeanza, ndiyo ya kuchagua: ukubwa wa 3000 hadi 4000, uwiano wa karibu 5:1 (hapa kinachozunguka si bobini, ni kichwa kinachouzungushia mshipi). Kumbuka tu bobini yake ni pana, hivyo hata 5:1 inaingiza zaidi ya sentimita 70 kwa mzunguko, zungusha polepole. Na usizungushe mkono wakati klachi inaachia mshipi. Kwa uwiano wa 5:1, kila mzunguko wa namna hiyo unausokota mshipi mara tano, na baada ya samaki wawili wakubwa mshipi unajikunjakunja wenyewe.

Anayekokota visamaki nyuma ya mtumbwi wa injini ana mahitaji mengine: bobini kubwa na mshipi mwingi. Rili ndogo ya kurushia ikiachwa kwenye mvuto wa injini saa nzima inaharibika mhimili.

Vipimo vya dukani

Usilipe kabla hujaishika. Kama umeagiza kutoka Dar es Salaam, fanya haya siku inapofika.

Zungusha mkono polepole sana, mzunguko mmoja kwa sekunde tatu. Kwa kasi kila rili inaonekana laini. Polepole ndiyo inakiri makosa. Sikiliza kwa vidole kama kuna punje, yaani mahali mzunguko unapokwama kidogo na kuachia. Punje inayorudi mahali palepale kila mzunguko ni jino bovu la gia au mhimili uliopinda. Irudishe.

Shika mkono wa rili uusukume mbele na nyuma. Mchezo mdogo sana unavumilika. Ukisikia ukigonga kabla ya kushika, kizuizi cha kurudi nyuma ni kibovu au hakikufungwa vizuri. Kisha, kwa rili ya bobini inayozunguka, bonyeza kitufe cha kuachia bobini na uisukume kwa kidole gumba kulia na kushoto. Isicheze zaidi ya unene wa karatasi ukiwa umekaza kirekebishi cha pembeni kidogo.

Klachi ipime kwa mizani ya kuning'iniza ya kupimia samaki. Tia mshipi kidogo kwenye bobini, ufunge kwenye ndoano ya mizani, kaza klachi hadi kilo 2, kisha vuta taratibu ukitazama mshale. Klachi nzuri inaanza kuteleza kwa kilo 2 na kuendelea kuteleza karibu na hapohapo. Mshale ukipanda hadi 2.8 ndipo klachi iachie na kuanguka hadi 1.5, hiyo itakata mshipi wako siku ya samaki wa maana. Wakati wa kuvua, ikaze kwenye robo hadi theluthi ya nguvu ya mshipi: mshipi wa kilo 6 unataka klachi ya kilo 1.5 hadi 2.

Kujaza mshipi na kurekebisha breki

Nailoni ya milimita 0.30 hadi 0.35 inatosha kwa kuhe na sangala wa kawaida. Nene zaidi inasukumwa na maji na kukizuia kisamaki kisifike kina chake. Kama bobini imeandikwa mita 120 za 0.30 na wewe una 0.35, gawanya 0.30 kwa 0.35, zidisha jibu kwa lenyewe, kisha kwa 120: utapata mita 88 hivi. Jaza hadi zibaki milimita 2 au 3 kufikia ukingo. Ukitumia mshipi wa kusuka, tangulia na mita chache za nailoni chini yake, la sivyo mshipi wote utateleza juu ya bobini na utadhani klachi imekufa.

Breki ya kurushia, ile inayoizuia bobini inayozunguka isifumue mshipi, irekebishe na kisamaki chenyewe kikiwa kimefungwa. Inua fimbo, bonyeza kitufe, kiache kishuke. Kishuke polepole, na kikigusa ardhi bobini isimame yenyewe. Ikiendelea kuzunguka, kaza. Ukibadilisha kisamaki, rudia. Gramu 8 na gramu 18 hazitaki breki moja.

Kuitunza

Maji ya Ziwa Tanganyika si ya bahari, lakini yana madini, na yakikauka juu ya chuma yanaacha utando mweupe. Maji ya bomba mjini Kigoma yanatoka ziwani humohumo, kwa hiyo kuisuuza rili na kuiacha ikauke yenyewe ni kuongeza utando uleule. Ifute kwa kitambaa chenye unyevu, kisha kikavu, hasa kwenye kipangaji cha mshipi: ule mhimili wenye mifereji unaokipeleka kijicho huku na huku. Punje moja ya mchanga wa ufukweni ikiingia humo inasaga mifereji yote. Usiilaze rili mchangani, wala kwenye maji ya chini ya mtumbwi.

Oili ya cherehani, tone moja kwa kila beringi ya bobini, inatosha. Grisi ni ya meno ya gia tu, nyembamba kama unavyopaka siagi mkate mmoja wa watu wengi; ukiitia kwenye beringi za bobini kisamaki hakifiki mbali. Washa za kaboni kavu usizitie oili. Mafuta ya kula yanaganda kuwa gundi, na dawa ya kupuliza ya kulegeza kutu inaosha grisi yote na kuacha chuma kitupu. Ukirudi nyumbani, legeza klachi kabisa, maana washa zilizobanwa muda mrefu zinaweza kushikana.

Wakati mzuri wa kuifungua yote ni ziwa linapopumzishwa, yaani uvuvi unaposimamishwa kwa muda, kama ilivyokuwa mwaka 2024, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Tandika kitambaa cheupe mezani, panga kila kipande kwa mstari kadiri unavyokitoa, piga picha kila hatua, na rudisha kwa kinyume chake. Ukimaliza, kabla hujakaza skrubu ya mwisho, zungusha mkono polepole kama ulivyofanya dukani. Kama kuna punje ambayo haikuwepo, huenda kipande kimoja kimekaa vibaya, fungua tena.