Kabla ya kuwaita walezi wa wanagenzi wa afya ya umma kwenye mafunzo

Afisa wa afya ya umma anaweza kuijua kazi yake barabara na bado asijue kumfundisha mwingine. Hapo ndipo mafunzo mengi ya walezi, yaani maafisa wanaopewa wanafunzi wa kuwaongoza kazini, hupotea: siku nzima inaliwa na slaidi za kanuni ambazo maafisa wanazijua tayari, na lile la kukaa na mwanafunzi jioni na kumweleza alipokosea halipati hata nusu saa.

Tarehe ichaguliwe kwa akili. Wiki ya kwanza ya mwezi ofisi za afya za kaunti ndogo huwa mbioni na ripoti. Watakaofika watafika na simu mkononi. Kampeni ya chanjo ikitangazwa, ahirisha. Masika nayo, Machi hadi Mei, si msimu wa kumtoa kazini mtu anayehudumia mitaa ya mabanda ya Nairobi kama Mathare au Mukuru, maana mafuriko yakiingia huko kipindupindu hakiko mbali.

Chuo nacho kiandike mapema mwanafunzi anapaswa kuweza kufanya nini atachimenti (mafunzo yake ya vitendo kazini) ikiisha. "Kupata uzoefu" si jibu. Mlezi asiyejua anachotarajiwa kufundisha humgeuza mwanafunzi karani wa kunakili sajili, au mtu wa kutumwa chai.

Muda mwingi upewe mazoezi ya kusahihisha. Chukua tukio la kawaida: mwanafunzi anapima klorini kwenye maji ya muuzaji wa mitungi, kidonge cha DPD, kinachogeuza maji kuwa waridi klorini ikiwemo, kimeyeyuka, maji hayajageuka waridi. "Madam, hiki kipimo kimeharibika." Kuna mlezi atakayemnyang'anya kifaa apime mwenyewe. Mwingine atauliza: rangi isipotokea ina maana gani? Vidonge umeangalia tarehe? Kiwango cha chini mteja anapochotea ni kipi? Ni miligramu 0.2 kwa lita, kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani. Na kwa kuwa muuzaji amesimama pale akisikiliza, mengine yasubiri wakiwa njiani. Walezi waigize tukio hilo wawili wawili, kisha wabadilishane nafasi. Mwanzoni watacheka, waache wacheke.

Siri za wagonjwa zisiachwe zijisemee. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 ipo, lakini linalohitajika ni agizo la wazi: hakuna kupiga picha ukurasa wa sajili kwa simu, hata kama ni kwa ajili ya ripoti ya chuo. Bima ya mwanafunzi ithibitishwe kwa maandishi, na walezi wajue ni nani wa kupigiwa simu akiumia nyanjani.

Halafu nauli. Anayelala Githurai na kufanya kazi Lang'ata hupanda matatu mbili kwenda na mbili kurudi, achilia mbali safari za mitaani mchana. Jueni nani analipa kabla ya siku ya mafunzo, kwa kuwa walezi watauliza hilo kabla hata chai haijaletwa, na ukilikwepa hawatakusikiliza kwa mengine.