Madoa mekundu ya kinenani yasiyoisha: anza na tyubu uliyonayo

Mwenye shida hii haisemi mlangoni. Anaanza na mgongo, anahamia kwenye uchovu, na nikishafunga mlango ndipo anatoa mfukoni tyubu iliyokunjwa kama dawa ya meno inayokwisha. "Daktari, hii inanisaidia siku nne, nikiacha inarudi." Mimi ni tabibu wa ngozi, na mara nyingi jibu huwa kwenye tyubu hiyohiyo.

Hatua ya 1: Soma maandishi madogo. Ukikuta Betamethasone, Clobetasol au Dexamethasone, hiyo ina steroidi, hata kama boksi linajinadi kuwa ni dawa ya fangasi. Steroidi hutuliza muwasho upesi, lakini hushusha kinga ya ngozi, na fangasi wanazidi kustawi. Doa linapoteza ukingo wake, linashuka mapajani, na ngozi ya kinena, ambayo ni nyembamba tangu mwanzo, inabaki na michirizi isiyofutika. Iache. Siku za kwanza muwasho utapanda, na hapo ndipo wengi hushindwa wakarudi duka la dawa. Kama umeipaka kwa miezi, mwone kwanza tabibu akuelekeze namna ya kuiacha.

Hatua ya 2: Jitazame kwa kioo, mchana. Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu wa nyanya. Doa huweza kuwa la kahawia au la zambarau.

Likiwa na ukingo ulioinuka wenye magamba, katikati pametulia, na korodani zimesalimika, yaelekea ni fangasi wa kinena. Likiwa bichi, linang'aa, limezungukwa na vipele vidogo kama kuku na vifaranga, fikiria kandida, fangasi wa jamii ya hamira, na upime kisukari. Vipele vya kuwasha usiku kwenye uume na katikati ya vidole, na mwenzako naye anajikuna? Huo ni ugonjwa wa upele (skabisi). Dawa yake ni nyingine, na nyumba nzima inatibiwa siku moja. Lipo pia doa la kahawia lisilowasha sana, la bakteria, ambalo tukilimulika gizani kwa taa ya Wood, taa ya miale ya urujuanimno, huwaka rangi nyekundu ya matumbawe.

Hatua ya 3: Pima kabla ya kupaka. Tunakwangua magamba ya ukingoni, tunayadondoshea potasiamu haidroksaidi, kemikali inayolainisha magamba ili fangasi waonekane, tunaangalia kwa hadubini. Hakuna sindano wala maumivu. Ukija umejipaka krimu ya fangasi asubuhi hiyo, kipimo kinaweza kudanganya.

Hatua ya 4: Paka kwa kipimo. Kwa fangasi wa kinena na kandida, Clotrimazole ya asilimia 1 mara mbili kwa siku, wiki 2 hadi 4. Kausha kwanza, kisha paka hadi sentimita 2 nje ya ukingo, maana fangasi wameshatangulia pale unapoona ngozi nzima. Doa likipotea, endelea wiki moja zaidi. Ndimu, spiriti na dawa ya meno zikae mbali. Nimeona ngozi iliyobabuka kwa vyote vitatu.

Hatua ya 5: Kagua miguu. Fangasi wa katikati ya vidole hupanda na chupi unapoivaa. Tibu miguu pamoja na kinena, na vaa soksi kabla ya chupi. Wagonjwa hunicheka nikisema hivi, lakini wanaofanya sivyo ndio ninaowaona tena.

Usijitibu ukiwa na kidonda, hata kisichouma: pima kaswende na VVU. Na doa jekundu kwenye kichwa cha uume lisiloisha baada ya matibabu linahitaji kukatwa kipande kipimwe, kwa kuwa saratani ya mwanzo huweza kuonekana hivyohivyo. Uliza hospitali ya mkoa kama ina tabibu wa ngozi. Wengi wetu tumesomea hospitali ya KCMC, Moshi, kwenye kituo kinachofundisha kazi hii tangu 1992. Ukienda, beba tyubu zote, hata zilizokwisha.