Somo: Ngazi ya kuchomoa kwenye boti ya mfereji, injini ikiwa nyuma yake

Ngazi yangu ya kwanza niliifunga kwa skrubu nane. Ilikaa imara, na wageni waliisifu. Kisha usiku mmoja wa Novemba pampu ya ngama, ile inayotoa maji yanayokusanyika chini ya boti, ikagoma, nikajikuta nimepiga magoti gizani natafuta bisibisi huku maji yakipanda chini ya injini. Bisibisi ilikuwa ndani ya sanduku la zana. Sanduku la zana lilikuwa nyuma ya ngazi.

Kwa wasiozijua boti hizi nyembamba za Uingereza: upana wake ni futi 6 na inchi 10 hivi, kwa sababu loki nyingi (vyumba vya maji vya kupandishia na kushushia boti) za mifereji ya kule katikati ya nchi zilijengwa kwa futi 7 tu. Kila kitu kinakaa mgongoni mwa kingine, na ngazi ya kushukia ndani kutoka shetri, yaani nyuma ya boti, mara nyingi ndiyo inayoziba njia ya injini. Kwa hiyo sharti langu ni hili: itoke kwa mikono miwili bila zana yoyote, na ukiikanyaga isicheze hata kidogo.

Kupima

Pimamaji iache kabatini. Najua jina lake linatamanisha, lakini ndani ya chombo kinachoelea pimamaji ni mwongo. Tangi la maji mara nyingi liko omo, yaani mbele ya boti. Likijaa omo inazama, ukioga siku tatu inainuka. Ukisawazisha ngazi leo kwa pimamaji, wiki ijayo itakuwa imepinda ukiilinganisha na sakafu, na mguu unahisi upesi kuliko jicho. Tumia guniya, kile kipimo cha pembe mraba, ukianzia sakafuni. Sakafu ndiyo ukweli wako, hata kama boti nzima imelala upande.

Pima kimo kutoka sakafuni hadi kizingiti cha mlango. Changu ni milimita 690. Nikagawa kwa tatu: 230 kila mpando, yaani vidato viwili na kizingiti chenyewe kuwa cha tatu. Mipando ilingane. Tofauti ya sentimita mbili tu inatosha kumwangusha mtu aliyebeba chai.

Kama bado hujatandika tabaka la juu la sakafu yako, tandika kwanza ndipo upime.

Kukata

Nilitumia plaiwudi ya mbirchi ya milimita 18. Mbavu mbili za pembeni zina umbo la ngazi, kina cha 240 kwa kila kidato. Angalia hapa, maana ndipo wengi wanapokosea: vidato vinalala juu ya mbavu, kwa hiyo ubavu ukatwe kwa kimo cha 212 na 442, siyo 230 na 460. Zile 18 zinazobaki ni unene wa kidato chenyewe.

Upana wa sanduku langu, yaani ngazi yenyewe ikishaunganishwa, ni 600, na uwazi wa injini ni 440, hivyo linapita uwazi kwa 80 kila upande. Utazihitaji hizo 80.

Toboa mshiko kwenye kila ubavu, mrefu wa sentimita 10, karibu na juu. Sanduku zima lina uzito wa kilo 11 hivi. Bila mishiko utalikumbatia kama gunia la mkaa.

Gundi iwe ya kuhimili maji, skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu. Kingo za plaiwudi zipake vanishi mara tatu kabla ya kitu kingine chochote, hasa zile za chini zinazogusa sakafu, maana unyevu huanzia hapo.

Kushikiza

Chukua papi (ubao mwembamba) ya 50 kwa 25, uipasue kwa urefu msumeno ukiwa umelala digrii 45. Unapata vipande viwili vinavyoumana. Kata vipande vya sentimita 7. Kimoja kwenye kila mwimo wa uwazi, mlalo wake ukielekea ukutani ili kifanye mfereji mdogo. Wenzao nyuma ya sanduku, juu chini. Usipitishe papi mbele ya uwazi wenyewe, utakuwa umejifungia mlango uleule uliotaka kuufungua.

Ukishusha sanduku, vinaumana. Ukiliinua kidogo na kulivuta, limetoka. Lakini uzito wako ubebwe na sakafu; papi kazi yake ni kuzuia ngazi isisogee mbele. Kama sanduku linaning'inia, shusha zile za mwimo kwa milimita moja au mbili.

Sakafuni funga vibao viwili vidogo vinavyogusa mbavu kwa ndani, ngazi isiende kushoto wala kulia. Hapa skrubu ziwe fupi: chini ya sakafu kuna farumi (uzito wa kuituliza boti), na pengine nyaya ambazo hakuna anayekumbuka nani alizipitisha. Na bati la boti lenyewe chini ya mstari wa maji halitobolewi, hata kwa tundu la sindano.

Mwisho, utelezi. Tope la njia ya kando ya mfereji halina huruma. Bandika utepe wa kukwaruza, au mwaga mchanga mkavu laini kwenye vanishi ikiwa bado mbichi. Mimi napendelea mchanga.

Maswali ya wanachama

*Mama Paka:* Kaka, asante kwa somo. Naweza kutia bawaba kidato cha juu nikaweka viatu ndani?

Dada, kwenye ngazi ya omo, weka hata makaa ukipenda. Ya shetri hapana. Viatu vitaishia kwenye mkanda wa injini, na ngazi iliyojaa ni ngazi usiyoitoa.

*Mpiga Kasia:* Swichi ya kukata betri yangu iko humohumo nyuma ya ngazi. Mkaguzi atasema nini?

Ukaguzi wa usalama wa boti, ule wa kila miaka minne, unataka swichi hiyo ifikike kwa urahisi. Usisubiri mkaguzi, ihamishe mahali mkono unapofika ngazi ikiwa mahali pake. Nyaya zikishika moto hutataka kuanza kuinua sanduku. Na matundu ya hewa ya milangoni usiyazibe kwa ngazi wala kwa chochote.

*Mtoto wa Bandarini:* Shikamoo. Mama anakuja kututembelea, magoti yanamsumbua. Milimita 230 si nyingi?

Marahaba. Ni nyingi kwake, ndiyo. Gawa kwa nne: 172 na nusu kila mpando, vidato vitatu. Ila ngazi itaingia chumbani karibu sentimita 70, na kwenye boti hizo ni nafasi ya kiti. Kama anakaa wiki mbili tu, mtengenezee kijisanduku cha kuweka chini, na umtilie mshiko kwenye mwimo wa mlango. Mshiko utamfaa kuliko yote hayo.

*Mama Paka:* Nimeitengeneza! Inalia kwii kila nikikanyaga.

Mbao mbili zinasuguana. Geuza sanduku, bandika vipande vya mpira wa tairi ya baiskeli chini ya mbavu. Ikiendelea, gundi ya kidato haikushika. Toa skrubu, tia gundi upya.

*Mpiga Kasia:* Naweza kuwasha injini ngazi ikiwa nje, niangalie pakingi ya shafti, ile inayozuia maji pale mhimili wa propela unapopita, kama inavuja?

Dakika chache, milango wazi, king'ora cha kaboni monoksidi, ile gesi ya sumu ya moshi wa injini, kikiwa kinafanya kazi. Mtandio, kanzu, mikono mirefu, vyote mbali. Na mtu wa pili asimame chumbani, kwa sababu atakayeshuka kutoka juu bila kuangalia atakanyaga pale ambapo jana palikuwa na kidato.