Kabla ya Cusco, jua kwanza utalala mita ngapi

Niliwahi kulala kambi ya Kibo kwenye Kilimanjaro, mita 4,720, kwa hiyo niliposoma kwamba mji wa Cusco huko Peru uko kama mita 3,400 kutoka usawa wa bahari, nilicheka. Hata Horombo, kambi iliyo chini ya Kibo, ni juu kuliko hapo. Nikapanga siku ya kwanza kama mtu anayekwenda Arusha: natua asubuhi, nakula, mchana napanda kwenye magofu ya Sacsayhuamán. Saa kumi jioni nilikuwa kitandani na viatu mguuni, kichwa kinatwangwa kama kinu, na supu niliyoletewa sikuweza hata kuinusa.

Nilichosahau ni kwamba Kilimanjaro nilipanda kwa miguu, siku tatu mpaka Kibo, na nyuma yangu kuna mtu hachoki kusema pole pole. Cusco hupandi, unapandishwa. Ndege inaondoka Lima, ufukweni mwa Pasifiki, na baada ya saa moja na ushee umeshushwa kwenye hewa nyepesi na begi lako mkononi. Mwili nao hauweki akiba. Mazoea ya mwinuko huisha ndani ya wiki chache, kwa hiyo Kilimanjaro ya mwaka juzi haikusaidii kitu.

Ndiyo maana jambo la kwanza la kuamua, kabla hata ya hoteli, ni mpangilio wa mahali pa kulala kwa mwinuko. Ukitua Cusco, usilale Cusco. Chukua gari moja kwa moja mpaka Bonde Takatifu la mto Urubamba, mwendo wa saa moja na nusu hadi mbili, ulale Urubamba au Ollantaytambo, ambako ni chini ya mita 2,900. Siku mbili za huko hazipotei bure. Ollantaytambo ina ngome yenye matuta makubwa ya mawe, na chini yake mitaa iliyopangwa na Wainka, watawala wa milima hiyo kabla ya Wahispania, ambamo watu wanaishi hadi leo, mifereji ya maji ikipita mlangoni. Mchana unaweza kupanda Moray kuona yale matuta ya duara yaliyoshuka ardhini kama bakuli, na Maras kwenye mashamba ya chumvi, vidimbwi zaidi ya 3,000 kwenye ubavu wa mlima. Huko ni juu ya mita 3,000, lakini jioni unashuka kulala bondeni, na kupanda mchana kisha kushuka usiku ni dawa ya zamani ya watu wa milima.

Kutoka bondeni nenda Machu Picchu, magofu ya mji wa Wainka. Wengi hushangaa kusikia kwamba iko mita 2,430 tu, karibu kilomita nzima chini ya Cusco. Ukirudi, sasa lala Cusco na uizunguke kwa raha. Mlima wa rangi, Vinicunca, uache mwisho kabisa. Kilele chake kina mita 5,036, juu kidogo kuliko Point Lenana ya Mlima Kenya, na bado unauzwa mitaani kama matembezi ya siku moja: unachukuliwa hotelini alfajiri kabisa, na kabla ya chakula cha mchana umeshasimama juu. Kama una siku nne tu za kukaa eneo lote, mimi ningeuacha.

Kuhusu dawa, muone daktari kabla ya safari. Ile ambayo wapanda Kilimanjaro wanaijua kwa jina la Diamox husaidia, ila si ya kila mtu, hasa mwenye mzio wa dawa za salfa. Maumivu ya kichwa, kukosa hamu ya kula na usingizi wa mang'amung'amu ni kawaida ya siku mbili za mwanzo, wenyeji wanaita soroche. Lakini mtu akianza kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, au kuhema hali amekaa, hapo si suala la kuvumilia wala kusubiri kukuche: ashushwe, na usiku huo huo. Soma pia bima yako ya safari. Nyingine haziligusi tukio lililotokea juu ya mita fulani, na maneno hayo huandikwa kwa herufi ndogo.

Makaratasi nayo yana mpangilio wake. Pasipoti nyingi za Afrika zinahitaji viza ya Peru kabla ya kuondoka, kwa hiyo usilipie kitu kisichorudishika mpaka umeipata. Ukipita São Paulo kwa kuunganisha kutoka Addis Ababa, ulizia pia masharti ya Brazili kwa msafiri anayepita tu. Kadi ya njano, ya chanjo ya homa ya manjano, chanja angalau siku kumi kabla na uibebe pamoja na pasipoti. Hata kama Peru hawakuiuliza, Tanzania huidai kwa anayetoka nchi zenye ugonjwa huo, na Peru imo kwenye orodha kwa sababu ya misitu yake ya Amazon.

Sasa Machu Picchu yenyewe, maana huko ndiko watu hupoteza hela. Mji huu wa Wainka ulijengwa karne ya 15, na tangu 1983 umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Huingii ukazurura. Tiketi ina saa ya kuingia na njia maalumu ya kupita, na tangu 2024 njia hizo zimegawanywa makundi matatu. Kundi la kwanza linapita juu, unapata ile picha inayojulikana dunia nzima, lakini huingii ndani ya mji. La tatu linapita chini kati ya majengo, na picha ya kutoka juu huipati. La pili linakupa vyote viwili, na ndiyo maana huisha mapema. Nunua miezi kadhaa kabla, hasa kwa Juni hadi Agosti. Tiketi chache huuzwa pale kijijini Aguas Calientes, chini ya magofu, ila kuzitegemea ni kujitafutia foleni.

Andika majina yako kama yalivyo kwenye pasipoti, yote matatu kama yapo matatu, kwa sababu getini wanalinganisha. Na saa iliyoandikwa 08:00 ni saa mbili asubuhi. Nalisema kwa sababu mwenzangu mmoja aliniandikia "tukutane saa nane" akiwa ameitazama tiketi, nami nikaenda kunywa chai kwa utulivu.

Kijiji cha Aguas Calientes hakina barabara ya kukiunganisha na Cusco. Unakwenda kwa treni, wengi wakipandia Ollantaytambo, kisha basi linapanda kona kwa kona kama dakika 25 mpaka getini. Begi kubwa liache hotelini. Choo kiko nje ya geti, na ukitoka hurudi, kwa hiyo malizana nacho kabla. Weka siku moja ya ziada kwenye ratiba: migomo hufunga reli mara kwa mara, na Januari 2023 Machu Picchu ilifungwa kabisa kwa sababu ya maandamano.

Wanaotaka kwenda kwa miguu kwenye Njia ya Wainka, takriban kilomita 43 kwa siku nne, wajue kwamba vibali ni vya watu 500 kwa siku, wapagazi na waongozaji wakiwemo. Februari njia hufungwa.

Mvua kubwa ni Januari na Februari, kiangazi ni Mei hadi Septemba. Kiangazi hicho kina jua linalounguza mchana na baridi ya kugandisha maji usiku, kwa hiyo vaa nguo kwa tabaka: fulana, sweta, koti la mvua, kofia, glavu. Mafuta ya kukinga jua ni ya ngozi zote, nyeusi pia. Midomo yangu ilipasuka siku ya pili.

Dola zako ziwe mpya. Noti iliyochanika hata ncha huwa wanaikataa, jambo ambalo aliyewahi kubadilisha fedha Kariakoo halitamshangaza. Masoko na vyoo vinataka soli, fedha ya Peru, za chenji. Chakula hakina shida, viazi vimetokea milima hiyo hiyo na utaviona vya zambarau, vyeusi na vyekundu kwenye meza moja. Simbilisi wa kuokwa huletwa mzima na kichwa chake, basi uliza kabla ya kuagiza.

Hoteli nyingi zina bakuli la majani ya koka karibu na mapokezi, ya kutia kwenye maji ya moto. Peru ni halali kabisa, na chai yake ni ya kawaida kama chai ya tangawizi kwetu. Nje ya hapo ni habari nyingine, kama mirungi inapovuka Namanga. Siku ya kuondoka geuza mifuko ya koti nje ndani. Langu lilikuwa na majani matatu, yamekauka, kwenye mfuko wa kifuani.